Ua la Kufungia Mkono

Bango lilikuwa bichi sakafuni, piko nyeusi ya kuchorea mabibi harusi haijakauka, na nje ya mlango buti zilikuwa zimesimama. Hapo ndipo tulipomwacha Bi Mwanahija wiki iliyopita, msomaji wangu, kakodoa macho, hajui akimbilie wapi katika chumba chenye mlango mmoja.

Mlango ukagongwa tena.

"Hodi humu! Bi Mwanahija!"

Alivua kanga ya mabegani akaitupa juu ya bango. Akamtazama mjukuu wake, Hafsa, kitoto cha miezi mitatu, kimelala mkekani kinanyonya ngumi yake chenyewe kwa kuwa hakuna kingine cha kunyonya. Kisha akafungua.

Alikuwa Koplo Cecilia. Nyuma yake difenda ya polisi ilikuwa inanguruma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Macho ya koplo yakashuka sakafuni. Kanga ilikuwa imefunika maneno yote isipokuwa moja la mwisho, VIRUNGU. Cecilia alilisoma. Halafu akasogeza mguu, akaisukuma kanga kwa ncha ya buti mpaka neno lile nalo likafunikwa.

"Mkuu wa kituo anakutaka sasa hivi," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye gari. Kisha akainama kama anayefunga kamba ya kiatu. "Nisamehe, mama. Leo sikuweza kuleta maziwa. Wameniona."

Mwanahija alimtazama mtoto mkekani.

Tangu polisi walipomchukua binti yake, Zuwena, Cecilia alikuwa akimpelekea chupa mahabusu kila asubuhi. Zuwena anajikamulia, na koplo anaitoa chupa ndani ya sweta lake kama mwizi. Kosa la Zuwena ni hili: yeye na wanawake wenzake wanaobangua korosho katika kiwanda cha hapa Namtenga waliomba glavu, maana mafuta ya maganda yanawala mikono mpaka nyama. Hawakupewa. Wakakaa chini getini, wakagoma kubangua. Wakaletewa mabomu ya machozi na virungu.

Siku mbili baadaye mabango yakaanza kuota ukutani. Soko la samaki, ghala la ushirika, geti lenyewe la kiwanda: TULIOMBA GLAVU, TUMEPEWA VIRUNGU. Ndipo polisi wakapita nyumba kwa nyumba wakiwazoa wagomaji, na mabango hayakukoma.

"Nakwenda kufungwa?" aliuliza Mwanahija.

"Beba vyombo vyako vya piko, mama."

"Vya nini?"

"Beba tu."

Basi wamejua, aliwaza. Wanataka na ushahidi. Alikusanya bakuli, brashi na vijiti, akambeba Hafsa, akampitisha kwa jirani yake, Benadetha, aliyekuwa anatwanga uani.

"Dada, kama sikurudi..."

"Utarudi."

"Kama sikurudi, uji wake uwe mwepesi. Na usimlaze chali, anapaliwa."

Benadetha aliacha mchi ukaanguka. Akajipangusa mikono, akampokea mtoto. "Huyu ni wangu mpaka uje. Nenda, usimkasirishe huyo afande kwa kumchelewesha."

Difenda ikaondoka. Mwanahija alifumba macho akaanza kusoma dua alizozikumbuka. Alipoyafumbua, kituo cha polisi kilikuwa kimeshapitwa.

"Mwanangu, mbona tumepita?"

 Gari likasimama mbele ya nyumba ya mkuu wa kituo, Inspekta Abdulatifu. Na kutoka ndani vikaja vigelegele.

Vigelegele, msomaji! Mwanamke kajiandaa kwa pingu, kakutana na ngoma.

"Shoga, karibu! Karibu, umetuokoa!" Bi Kazija, mke wa Inspekta, alimvuta mkono. "Kesho namwoza mwanangu, na mchoraji wetu wa Lindi ameugua. Mwali yuko humo ndani anakaribia kulia. Hiyo mikono ikitoka vibaya, bwana harusi atageuza gari lirudi Mtama."

Wanawake wakacheka. Mwanahija alitaka kucheka, alitaka na kulia, akabaki amekumbatia bakuli lake.

"Bi Kazija," alisema pole pole. "Mimi nimchore wako, na wangu amelala kwenye sementi ya mumeo?"



Bi Kazija alimpeleka pembeni, nyuma ya pazia. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye kupumua kwa shida.

"Najua. Na najua ana mtoto wa kunyonya. Wallahi sijala vizuri tangu niliposikia. Mchore wangu, na mimi nitamwombea wako. Mume wangu anakuja kula mchana. Leo hawezi kuninyima kitu, siku kama hii haiji mara mbili."

"Utamwomba kweli?"

"Nitamwomba mbele yako."

Hapo Mwanahija alikaa, akakoroga piko yake. Kama mkono mmoja mzuri unaweza kumrudisha Zuwena nyumbani, basi mkono huu utakuwa mzuri kuliko yote aliyowahi kuchora.

Mwali aliitwa Mwahija. Alikuwa anasoma chuo Dar es Salaam, ulimi wake mwepesi, lakini vidole vyake vilikuwa baridi.

"Bibi, usinichekeshe nikachezacheza."

"Tulia. Mume haumi."

"Huyu wa Mtama? Simjui bado, bibi, labda anauma."

Wanawake wakapiga makofi kwa kicheko. Mwanahija alipitisha majani, akapitisha shanga, akashuka mpaka kifundo cha mkono. Pale akasita.

"Hapa nitakufungia kwa nyota."

"Nyota!" Mwahija aliinua kichwa. "Jamani bibi, usinifanyie hivyo. Mimi nataka lile ua lako la mkorosho. Wenzangu wote wanalo. Mimi nitaonekana nimechorwa na nani, na mtoto wa darasa la pili?"

Kila mchora piko, msomaji wangu, ana namna yake ya kufunga mkono. Wengine huweka mwezi, wengine jicho la samaki. Mwanahija hufunga kwa ua la mkorosho: petali tano zilizopinda kurudi nyuma, na unyuzi mmoja mrefu uliochomoza katikati kuliko wenzake. Akishaliweka, mkono umefungwa, na mwanamke yeyote akiuona harusini anajua ni kazi ya nani.

Na mkono wa Mwanahija mwenyewe, pasipo kufikiri, ulikuwa umefunga kila bango kwa ua lile.

Hakuwa amekusudia. Alikuwa akimaliza neno VIRUNGU, brashi bado ina piko, na mkono uliozoea miaka yote kutoacha kazi wazi ukashuka chini kwenye kona, ukaweka ua. La kwanza, la pili, na yote yaliyofuata. Alipokuja kugundua, mji mzima umeshabandikwa.

Wanaume hawatazami vifundo vya mabibi harusi. Polisi walizunguka na mabango yale mikononi wasione kitu. Lakini wanawake wa Namtenga walijua tangu asubuhi ya kwanza, na hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa.

"Mfungie ua, Bi Mwanahija," alisema Bi Kazija kwa upole. "Ndilo analolitaka."

Mwanahija akamtazama. Bi Kazija naye akamtazama. Kumbe naye anajua!

Akachora ua. Mkono wa kulia, kisha wa kushoto.

Alikuwa ndio kwanza ameinua brashi pale sauti ya kiume ilipopiga hodi barazani. Wanawake wakajifunika haraka. Inspekta Abdulatifu alisimama kwenye pazia, mrefu, kofia kwapani, na alimwamkia mgeni kwa adabu zote.

"Shikamoo, Bi Mwanahija."

"Marahaba."

"Baba Mwahija," Bi Kazija alianza pale pale, kabla roho haijamrudi nyuma, "nina ombi, na ukininyima sitakula mpaka harusi ipite. Huyu mama ameachiwa mjukuu mchanga huko nyumbani. Mwachie Zuwena akanyonyeshe."

 Piko ilisikika ikidondoka kutoka kwenye brashi.

Inspekta alijikuna shingo, halafu akatabasamu.

"Ombi jepesi. Nitamwachia leo, kabla ya alasiri."

Mwanahija aliweka mikono miwili kifuani. Alhamdulillahi! Vigelegele vikapasuka upya.

"Sina haja naye tena," aliendelea Inspekta. "Niliyekuwa namtafuta nimeshampata. Mchora mabango."

Vigelegele vikafa.

"Nani?" aliuliza mkewe.

"Yule Tawakali, fundi anayeandika majina ya maduka. Nani mwingine hapa ana brashi na rangi nyeusi? Tangu jana anapigwa nyayo na hajasema. Lakini atasema." Alitoa karatasi mfukoni akaikunjua. Upande mmoja ulikuwa umetafunwa, maana mabango yalibandikwa kwa uji wa muhogo na mbuzi wa Namtenga walikuwa wanayafuata kama futari. "Hata sahihi yake ameweka, mjinga yule. Ona hapa, kijiua. Namwuliza ua gani hili, ananitazama tu kama bubu."

 Mwanamke mmoja alianza kukohoa, akaacha.

Mwanahija alimkumbuka Tawakali. Alimchora mkewe mwaka juzi, mikono na miguu, na Tawakali alikuja mwenyewe kushukuru na furushi la mihogo. Ua lile lilikaa nyumbani kwake siku zote za fungate. Analijua. Anapigwa nyayo na jina la Mwanahija limo mdomoni mwake, na ameuma meno.

Nyamaza, moyo ulimwambia. Nyamaza tu mpaka alasiri. Zuwena atarudi, Hafsa atanyonya. Tawakali ni mwanaume, atapona.

"Mkono wake wa kulia," Inspekta alisema huku akilikunja bango, "nadhani hautashika brashi tena."

Mwanahija aliutazama mkono wake mwenyewe wa kulia.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini, mama?"

"Niliyeyachora. Yote. Mwachie huyo kijana."

Inspekta alicheka, tena bila ubaya. "Bi Mwanahija! Joto la humu ndani limekuingia kichwani."

"Si rangi hiyo, ni piko. Ukitaka ushahidi, mtazame mwanao kwenye kifundo. Ua ni lile lile."

"Mwahija, lete mkono."

Binti alikuwa amekaa mikono chini ya kanga. Aliitoa pole pole. Kutoka vidoleni mpaka viwikoni ilikuwa imejaa weusi mtupu, majani yamevurugika, shanga zimevurugika, ua halipo. Alikuwa ameifutia yote kwenye kanga yake mpya.

"Samahani, baba," alisema, machozi yanamlengalenga. "Nilijikuna."

Siku moja kabla ya harusi yake, msomaji! Bi Kazija alishika mdomo. Mwanahija alitamani kumkumbatia mtoto yule, na papo hapo alitamani kumzaba kofi. Wema wake ulikuwa umeufuta ushahidi pekee uliokuwepo mle chumbani.

Kabla Inspekta hajasema neno, simu yake ililia.

"Ndiyo... Amekiri? Safi. Tawakali?... Nani?"

Uso wake ukabadilika.

"Zuwena," alisema akiishusha simu. "Amesikia fundi analia chumba cha pili, amegonga mlango, anasema mabango ni yake. Aliyachora yote kabla hatujamkamata, na wenzake wanabandika tu." Alimtazama Mwanahija, na tabasamu lilikuwa limekwisha. "Jana nilikuwa sina hata mmoja aliyekiri. Leo nina wawili. Nani kati yenu ananichezea?"

"Yeye anadanganya! Anataka kuniokoa!"

"Au wewe ndiye unayetaka kumwokoa. Twende kituoni. Mtachora hilo ua mbele yangu, kila mmoja. Atakayelichora sawasawa, leo hii anapelekwa gerezani Lindi. Mwingine atarudi nyumbani kulea."

Walipofika kituoni Zuwena alitolewa nje. Mwanahija hakumtambua mara moja, uso ulivyokuwa umevimba. Kifua cha gauni lake kilikuwa kimelowa maziwa.

"Mama! Umefuata nini huku?"

"Nimefuata kilicho changu. Rudi ukamnyonyeshe mwanao."

"Usimsikilize, afande, huyu ni mzee."

"Mzee nani? Nyamaza wewe, huo mkono wako haujui hata kushika brashi!"

"Umenifundisha mwenyewe!"

Askari mmoja alicheka, akakatazwa. Mlango wa pili ukafunguliwa, Tawakali akatolewa akiwa ameshikwa kwapa huku na huku. Alipomwona Mwanahija alitikisa kichwa kwa nguvu.

"Afande," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "ni mimi. Nakiri. Waache hawa."

"Sasa umekuwa mnada!" Inspekta alifoka. "Leteni chaki!"

Zuwena alipewa kwanza. Alipiga magoti sakafuni. Mikono yake iliyoliwa na mafuta ya korosho ilikuwa na magamba kama ya samaki, lakini ilipogusa sementi haikusita. Petali ya kwanza, ya pili, zote tano, zimepinda kurudi nyuma. Unyuzi mrefu katikati. Ua kamili.

Mwanahija alitamani angekuwa mwalimu mbaya. Alimfundisha mwanawe ua lile kwa mkaa, barazani, akimshika vidole, akimfuta makosa, akimwambia rudia, rudia tena.

"Zamu yako, mama."

Aliinama. Akaishika chaki. Na mkono ule uliochora nusu ya mabibi harusi wa pwani hii ukaanza kutetemeka. Aliukamata kwa mwenziwe, haukusikia. Petali ya kwanza ilitoka kama jani la muhogo. Ya pili ikakatika. Unyuzi ukaenda upande. Alipomaliza, kilichokuwa sakafuni hakikufanana na ua lolote.

Inspekta alitazama, akapumua kwa kuchoka.

"Nenda nyumbani, Bi Mwanahija. Moyo wa mama unao. Mkono huna."

"Ngoja! Niache nirudie! Sijala tangu asubuhi, mkono umechoka tu, niache nirudie!"

"Fundi mfungulieni aende. Huyu mpakieni."

Walimpandisha Zuwena nyuma ya difenda. Alipita karibu na mama yake, akasema neno moja, "Hafsa," basi. Injini ikawashwa.

Mwanahija alitoka akikimbia, kanga imeanguka, kichwa wazi. Alifika kwenye mlango wa gari akaushika.

"Koplo! Mwondoe!" Inspekta aliamuru.

Cecilia alimfuata, akamshika kiwiko cha mkono wa kulia kama anayemvuta arudi nyuma. Lakini hakumvuta. Alikishika kwa nguvu, akakituliza, kama mtu anavyoshikilia ngazi ili mwingine apande. Mwanahija alimtazama usoni. Macho ya koplo yalikuwa mbele, makavu, hayasemi kitu.

Na ndani ya kiganja cha Mwanahija chaki bado ilikuwepo.

Mkono ukatulia.

Aliuweka kwenye mlango wa difenda, kwenye bati, mbele ya askari wote na watu waliokwisha kujaa barabarani. Petali ya kwanza. Ya pili. Zuwena aliona, akaanza kupiga kelele kutoka nyuma ya gari, "Futa, mama! Futa!" Ya tatu, ya nne, ya tano. Unyuzi mrefu, mmoja, bila kuinua chaki. Akafunga.

"Haya," alisema akihema. "Linganisha."

Inspekta Abdulatifu alikuja pole pole. Aliinama akalitazama ua lile. Akarudi mpaka mlangoni mwa kituo akalitazama lile la Zuwena sakafuni, akaja tena. Watu wakasogea karibu.

Halafu akanyoosha mkono, akashika kitasa cha mlango wa difenda, akaufungua wote.

Amtoe mmoja, au awaingize wote wawili? Mwanahija hakuuliza. Alipandisha mguu.